Hedifoni Haihitaji Mshenga

Mtu akinunua Sennheiser HD 650, hata kabla masikio yake hayajaizoea ataambiwa kwamba amenunua nusu ya kitu. Nusu iliyobaki ni amplifaya, tena si amplifaya yoyote tu. Hedifoni hii ni kali, ipewe ya valvu iipoze. Ile ina besi nzito, ipewe ya transista iikaze. Ya tatu "imelala", haitaamka mpaka ishibe wati. Hedifoni ya bei mbaya hutafutiwa mwenzi kama mwari: ukoo unaulizwa, tabia inachunguzwa, mshenga anatumwa. Mshenga mwenyewe mara nyingi ndiye mwenye duka.

Imani hii imeshika mizizi kwa sababu ndani yake mna chembe ya ukweli, na chembe hiyo itapewa haki yake hapa chini. Lakini jinsi inavyohubiriwa leo, kwamba kila hedifoni ya maana inadai amplifaya ya bei inayokaribia yake na yenye "tabia" ya kuelewana nayo, ni upotofu unaowatoa watu fedha nyingi bure. Kulinganisha hedifoni na amplifaya ni hesabu ya namba tatu: hedifoni inatoa sauti kiasi gani kwa umeme inaopewa, ukinzani wake ni omu ngapi, na ukinzani wa tundu la amplifaya ni omu ngapi. Namba hizo zikikubaliana, na amplifaya ikiwa nzima, haivumi wala haikwaruzi, kazi imekwisha.

Tuifanye hesabu hiyo kwa HD 650 yenyewe, maana ndiyo inayosingiziwa kuliko zote. Ilitoka mwaka 2003, ukinzani wake ni omu 300, na watengenezaji wanasema ikipewa volti 1 inatoa desibeli 103. Msikilizaji anahitaji ngapi? Shirika la Afya Duniani linamshauri mtu mzima asivuke wastani wa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Muziki unaopanda na kushuka sana, tuseme okestra kamili, unaweza kuruka desibeli 20 juu ya wastani wake pale ngoma na tarumbeta zinapoingia kwa pamoja. Themanini na ishirini ni mia. Volti 1 imetosha, na chenji imebaki.

Volti hiyo inapatikana wapi? Adapta ya Apple ya kutoka USB-C kwenda tundu la milimita 3.5, ile ya dola 9 ambayo watu huisahau kwenye mifuko ya suruali, inatoa takriban volti 1 kwa toleo linalouzwa Marekani. Toleo la Ulaya linatoa nusu yake, yaani desibeli 6 pungufu. (Wenye simu za Android wajihadhari: kwenye simu nyingi za aina hiyo adapta hii hutoa sauti hafifu kwa sababu ya namna programu inavyosimamia kitufe cha sauti. Kero ya kweli, ila dawa yake ni kubadili adapta.) Na anayetaka kuyaumiza masikio yake, afike desibeli 110? Atahitaji volti 2.2 hivi, ambazo kwa omu 300 ni miliwati 17. Miliwati, si wati. Ndiyo hedifoni inayouziwa watu amplifaya za wati 4 na wati 6 kwa hoja kwamba bila hizo "haifunguki".

Hofu ya omu 300 haikuzuka hewani. Hedifoni yenye ukinzani mkubwa inataka volti nyingi na mkondo kidogo, na vinasa sauti vya mfukoni vya zamani, vilivyoendeshwa kwa betri moja au mbili za volti 1.5, havikuwa na volti za kutoa. Beyerdynamic wameiuza DT 880 ileile kwa omu 32, omu 250 na omu 600, na aliyechomeka ile ya 600 kwenye kifaa cha mfukoni alisikia sauti nyonge kweli. Mwaka 1992, huko Montana, Marekani, Tyll Hertsens alianzisha kampuni ya HeadRoom akiuza amplifaya ndogo za kubeba, na wakati ule alikuwa anatibu ugonjwa uliokuwepo. Ugonjwa umepungua sana. Maagizo ya daktari yameongezeka.

Watetezi wa mshenga wana jibu. Si suala la sauti kuwa kubwa, wanasema. Nguvu ya akiba inaleta "udhibiti", na HD 650 "inapanda" kila inapopandishiwa amplifaya. Hoja hii ina mvuto, ila inataka umeme ufanye kitu ambacho haufanyi. Kitufe cha sauti kikiwa kimewekwa mahali pamoja na muziki ukiwa uleule, hedifoni inapokea volti inazopokea. Amplifaya yenye uwezo wa volti 10 ikiombwa volti 1 inatoa volti 1. Tisa zilizobaki haziingii kwenye waya kwa siri kuja kunyoosha besi. Na kama udhibiti ni ule uwezo wa amplifaya kuushika utando wa spika usijichezee wenyewe, basi unategemea ukinzani wa tundu lake, na tundu la omu 1 mbele ya hedifoni ya omu 300 limeshamaliza hilo. Kulishusha hadi omu 0.1 kunapendeza kwenye karatasi ya vipimo tu.

Wanabaki na ngome ya mwisho: "Mimi nimesikia kwa masikio yangu." Hakuna sababu ya kumwita mtu huyo mwongo. Amesikia tofauti. Swali ni tofauti ya nini.

Sikio la binadamu lina udhaifu mmoja unaowanufaisha sana wauzaji. Sauti mbili zikipishana kidogo, hata kwa nusu desibeli, msikilizaji haitambui hiyo ya pili kuwa ni kubwa zaidi. Anaisikia kuwa ni safi zaidi, pana zaidi, yenye uhai. Amplifaya mbili zikibadilishwa huku kitufe kikiachwa kwa makadirio ya macho, karibu kila mara moja itakuwa na sauti kubwa kuliko nyingine, na ndiyo itakayoshinda. Chukua tundu la balansi la milimita 4.4 linalosifiwa siku hizi. Kwenye vifaa vingi linatoa volti maradufu ya tundu la kawaida. Mtu anachomoa waya huku, anachomeka kule, kitufe hakijaguswa, na sauti imepanda desibeli 6. Ajabu ingekuwa asiposikia tofauti.

Ndiyo maana majaribio ya haki husawazisha sauti kwanza, kisha humficha msikilizaji ni kifaa gani kinachopiga. Januari 1987 jarida la Marekani la Stereo Review lilichapisha jaribio la namna hiyo. Liliwakusanya wasikilizaji 25, baadhi yao wakiwa na uhakika kabisa kwamba amplifaya zinatofautiana, wengine wakiwa hawaamini hata kidogo. Zilizoshindanishwa zilianzia risiva ya Pioneer ya dola zipatazo 220 hadi jozi ya amplifaya za valvu za Futterman za dola 12,000. Kwa jumla walioamini na wasioamini walibahatisha vilevile. Baadaye Richard Clark, mtu wa redio za magari, alitangaza zawadi ya dola 10,000 kwa atakayeweza kutofautisha amplifaya mbili zilizosawazishwa. Masharti yake yalikuwa magumu, kwani mshindani alitakiwa apatie mara zote bila kukosea hata moja, na wapinzani wake wana haki ya kulilalamikia hilo. Hata hivyo fedha zile hazikuchukuliwa.

Lakini kisa kinachofundisha kuliko hivyo vyote ni cha Bob Carver. Mwaka 1985 fundi huyu aliwaambia wahariri wa jarida la Stereophile, wakati huo likiwa Santa Fe, New Mexico, kwamba wamchagulie amplifaya yoyote wanayoiheshimu, naye ataifanya amplifaya yake ya transista ya bei ya chini itoe sauti ileile. Wakachagua ya valvu, ya bei kubwa, ya aina wanayoitaja kwa unyenyekevu. Carver hakukaa kusikiliza akitafuta "roho" ya kile kifaa. Alizilisha amplifaya zote mbili muziki uleule kwa wakati mmoja, akatoa moja kwenye nyingine, na kilichobaki, yaani tofauti tupu, akakipigisha kwenye spika. Kila aliposikia mabaki aliongeza kipande hapa, akabadilisha ukinzani pale, mpaka mabaki yakafifia na kuzama. Wahariri, watu waliojijengea jina kwa kutofautisha vifaa kwa masikio, wakakaa kusikiliza na wakashindwa kusema ipi ni ipi. Carver aliondoka akaenda kuuza toleo lake, M-1.0t, kwa sehemu ndogo ya bei ya ile aliyoiiga.

Wengi hukumbuka kisa hiki kama kejeli kwa jarida. Cha maana zaidi ni kwamba tofauti ilikuwepo, ilipimika, na ilipoondolewa kwa kipimo iliondoka pia masikioni. Hapa ndipo penye ile chembe ya ukweli.

Amplifaya nyingi za valvu zisizo na transfoma kwenye tundu la kutolea zina ukinzani mkubwa. Bottlehead Crack, inayouzwa kwa vipande ili mteja aiunge mwenyewe kwa risasi, ina takriban omu 120, na sifa yake kubwa ni "ndoa" yake na HD 600 na HD 650. Basi ndoa hiyo ichunguzwe. HD 650 si omu 300 kila mahali. Kwenye besi, karibu na hezi 80 hadi 100, ukinzani wake unapanda kufika kama omu 500. Omu 120 zikikaa njiani, zinakula sehemu kubwa ya volti pale ukinzani wa hedifoni ulipo mdogo na sehemu ndogo pale ulipo mkubwa. Ukipiga hesabu, sauti za kati zinapungua karibu desibeli 2.9 na besi inapungua karibu desibeli 1.9. Mwenye kifaa anaongeza sauti kidogo kufidia, na kinachobaki ni besi iliyoinuka kwa desibeli 1.

Desibeli 1 ya besi inasikika. Wanaosema wanasikia joto wanasema kweli, na valvu zenyewe huongeza upotoshaji kidogo ambao baadhi ya masikio huupenda. Lakini hayo ni marekebisho ya sauti, na marekebisho ya sauti yana kifaa chake, nacho ni ekwalaiza. Kwenye kompyuta ya Windows programu ya Equalizer APO ni ya bure. Inainua besi kwa desibeli 1, au 3, au inaishusha, na siku mwenye hedifoni akiuza HD 650 akanunua nyingine, anabadili namba badala ya kubadili amplifaya.

HD 800 ndiyo inayoianika imani hii wazi zaidi. Sennheiser waliitoa 2009 kwa dola zipatazo 1,400, nayo ikaja na kilele kikali karibu na hezi 6,000, kinachofanya matoazi na herufi za "s" zichome. Kwa miaka kadhaa ushauri uliotawala ulikuwa mmoja: itafutie amplifaya ya kuituliza. Watu walitumia maelfu ya dola. Ila kilele kile kilitokana na mwangwi ndani ya kikombe cha hedifoni, na amplifaya haina mkono wa kufika huko. Ya valvu iliinua besi tu, ukali ukaonekana kama umepungua. Waliokuwa na akili ya ufundi walikata vipande vya povu na kitambaa kinene wakavipanga ndani ya vikombe, kwa gharama ya senti. Kisha 2016 Sennheiser wenyewe wakaleta HD 800 S, na ndani yake wakaweka kinyonya mwangwi cha kukishusha kilele hicho. Walioiunda walijua ugonjwa uko wapi, na waliutibu ulipo.

Ukinzani wa tundu una upande wa pili, na huu ndio unaostahili onyo kuliko maonyo yote ya "kukosa nguvu". Vispika vya kuingiza sikioni vyenye spika ndogo nyingi ndani, kama Shure SE846 ya omu 9, vina ukinzani unaoyumba sana kutoka masafa hadi masafa. Tuseme kimoja kinayumba kati ya omu 5 na omu 15. Kikichomekwa kwenye tundu la omu 10, mpishano unafika desibeli 5, na sauti aliyoisanifu mtengenezaji imeshavurugwa. Wala hili si jambo la kinadharia: mapendekezo ya kimataifa ya IEC ya mwaka 1996 yalitaja omu 120 kwa matundu ya hedifoni, na vifaa vya bei kubwa viliendelea kuyafuata muda mrefu. Kwa hiyo inawezekana kabisa vispika vya dola 1,000 vikaharibiwa na amplifaya ya dola 2,000 na vikapiga vizuri kwenye adapta ya dola 9, yenye ukinzani wa takriban omu 1. Wapiga debe wa amplifaya ghali hawapendi kuanza na mfano huo.

Aliyeieneza kanuni rahisi ya kuepuka mtego huu alikuwa mhandisi aliyejiita NwAvGuy, ambaye jina lake halisi halijajulikana hadharani. Alishauri ukinzani wa tundu usizidi sehemu moja ya nane ya ukinzani wa hedifoni. Mwaka 2011 alichapisha mchoro wa amplifaya aliyoiita O2, yenye tundu la takriban omu 0.5, akaruhusu kila mtu aitengeneze, akaambatanisha vipimo vyake vyote. Mwaka uliofuata akanyamaza na hajaonekana tena. Kampuni ndogo ziliendelea kuiuza. Mwishoni mwa 2012 Schiit wa California wakatoa Magni kwa dola 99, na baada ya hapo kampuni za China zikafurika sokoni kwa vifaa ambavyo upotoshaji wake uko chini mno ya uwezo wa sikio. Msomaji wa Mwanza au Nairobi anayeagiza kutoka Marekani ana jambo moja tu la kuangalia: adapta ya ukutani iwe ya volti 230. Ile ya volti 120 ikichomekwa kwenye umeme wetu itaungua, na hilo ni tatizo la kulinganisha lililo la kweli kuliko yote yanayohubiriwa.

Zipo hedifoni ngumu kweli. HiFiMan HE-6 inatoa desibeli 83.5 tu kwa miliwati 1, na kwa omu 50 inataka kama wati 0.45 kufika desibeli 110. Adapta ya simu haiwezi. Magni za baadaye, zenye wati 2 kwa omu 32, zinaweza. AKG K1000 ya zamani, yenye desibeli 74 kwa miliwati 1, inataka wati 4 hivi, ndiyo maana iliunganishwa kwenye amplifaya za spika za sebuleni. Na Stax wa Japani, wanaotengeneza hedifoni za umeme tuli tangu 1960, wanahitaji kifaa maalumu cha kuupa utando volti 580 za kudumu. Hapo hakuna ubishi, bila kifaa hicho hakuna sauti. Lakini angalia: kila moja ya hizi imejulikana kwa namba zake. Hakuna aliyehitaji kuambiwa kwamba K1000 ina "haiba" fulani.

Fedha inayookolewa ina pa kwenda. Mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alichapisha uchambuzi wa hedifoni 283 na hakukuta uhusiano kati ya bei na namna zinavyogawa sauti kutoka besi hadi juu. Kati ya hedifoni na hedifoni tofauti ni za desibeli kadhaa, zinasikika hata na jirani aliyepita kusalimia. Mito iliyobonyea baada ya miaka miwili hubadilisha HD 650 kuliko amplifaya yoyote nzima. Miguu ya miwani ikiinua mto wa hedifoni iliyofungwa, besi inavuja. Mito mipya ni makumi ya dola, ekwalaiza ni bure.

Anayependa mwanga wa valvu gizani na uzito wa kitufe cha alumini anunue kwa amani, mradi ajue anachonunua. Na asiyekubali lolote kati ya haya ana njia ya kujithibitishia. Apige toni ya hezi 400, kwa kuwa vipimavolti vya bei rahisi havisomi vizuri masafa ya juu. Hedifoni ikiwa imechomekwa, asawazishe volti za amplifaya mbili mpaka zisipishane kwa zaidi ya asilimia 1. Halafu rafiki abadilishe swichi akiwa amempa mgongo, aandike majibu, warudie mara ishirini. Vifaa vyote hivyo fundi umeme wa mtaani anavyo. Muuzaji anayeamini kwamba amplifaya yake ya dola 3,000 inaishinda ya dola 99 anaweza kuviweka kaunta kesho asubuhi, mbele ya mteja, kabla pochi haijafunguliwa.